Foku ya pikipiki ni somo la darasani pia

Si siri tena kwamba Bonde la Ufa la kati leo linaendeshwa kwa magurudumu mawili. Maziwa ya Molo hufika kwenye vituo vya kupozea yakiwa juu ya pikipiki; viazi vya Mau Narok hutoka shambani juu ya pikipiki; mja mzito wa Subukia hukimbizwa zahanati usiku wa manane juu ya pikipiki; na asubuhi, kabla ya kengele kulia, watoto wetu hushuka kwenye malango ya shule, wawili wawili na hata watatu watatu, kutoka kwenye pikipiki hizo hizo. Tangu Serikali ilipozipunguzia kodi pikipiki ndogo, zile za injini isiyofika ujazo wa 250, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, chombo hiki kimekuwa ajira ya vijana na miguu ya wazee.

Mengi yameandikwa kuhusu kofia, mwendo wa kasi na leseni. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kulisikia likijadiliwa nje ya vibanda vya mafundi, nalo ni ile miguu miwili ya mbele inayolishika gurudumu, ambayo wengine huiita foku na wengine shokamzoba za mbele. Miguu hiyo hubadilishwa kila siku Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil. Hubadilishwa kwa jicho na kwa kukisia. Nasi walimu, tulio na maarifa ya kupima, tumenyamaza kana kwamba jambo hilo halituhusu ndewe wala sikio.

Sababu za kubadilisha foku ni nyingi, na nyingine ni za haki kabisa. Yuko mwendeshaji aliyegonga mwamba akapinda bomba, na duka la karibu halina la aina yake, basi fundi humtolea moja kutoka kwenye pikipiki iliyokufa nyuma ya kibanda. Yuko mwingine aliyechoka kupigwa mikono na matuta na mashimo, akaambiwa kwamba foku nene ya pikipiki kubwa itamwokoa. Yuko anayetaka breki ya diski mahali pa ile ya dramu, na kwa kuwa diski huhitaji mguu wenye pa kufungia, hana budi kubadilisha sehemu yote ya mbele. Na wako vijana, tena si wachache, ambao haja yao ni urembo tu: pikipiki iinuke mbele kama farasi anayetaka kuruka. Sitawacheka hao. Kijana anayekaa juu ya chombo kimoja saa kumi na mbili kwa siku ana haki ya kukipenda.

Fundi naye simlaumu. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la fundi mmoja wa Njoro nikimtazama akifanya kazi, na ninakiri kwamba vidole vyake vinajua mambo ambayo vitabu vyangu haviyajui. Huizungusha bomba ya foku juu ya kioo kipana kilicholazwa mezani, akachungulia mwanga unaopita chini yake, na mara moja akakuambia imepinda wapi. Hiyo ni njia sahihi, nayo hutumika hata katika karakana kubwa za ng'ambo. Lakini nilipomwuliza kwa nini huongeza vipande vya bomba juu ya springi, alinijibu: "Ili springi iwe na nguvu, mwalimu." Hapo ndipo nilipoona kwamba yeye na mimi tuna deni la kulipana.

Tuanze na kazi yenyewe ya foku. Kila mguu una bomba la ndani lililong'arishwa kwa kromu, ambalo huteleza ndani ya bomba la nje. Humo ndani mna springi ndefu na mafuta. Springi hubeba uzito na kupokea kishindo cha shimo. Lakini springi ikiachwa peke yake haitulii. Ikishabonyezwa hurudi, ikarudi tena, na pikipiki ikawa inarukaruka kama mbuzi. Mafuta ndiyo yanayoituliza, kwa kulazimishwa kupenya katika matundu madogo, nguvu ya mrusho ikageuka kuwa joto. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuuza pikipiki zenye foku za namna hii, za mabomba yanayoingiliana na kutulizwa kwa mafuta, mnamo 1935. Na muundo uliomo katika pikipiki nyingi za bodaboda humu nchini ni mjukuu wa ule.

Kinachozuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie ni mpira mmoja mwembamba uitwao sili. Sasa ikumbukwe tunaishi wapi. Jina Nakuru lenyewe linasemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Udongo wetu ni majivu ya volkano ya kale, laini kama unga, na chembe zake hukwaruza chuma kama msasa. Vumbi hilo hukaa juu ya kromu, likasukumwa ndani ya sili kila gurudumu linapopanda na kushuka, sili ikakatika, mafuta yakaanza kutiririka. Mwendeshaji huona doa tu kwenye mguu wa pikipiki. Hajui kwamba springi yake sasa haina wa kuituliza. Na kama breki yake ni ya diski, mafuta hayo yakifika kwenye diski, breki haishiki.

Kwa hivyo nathubutu kusema kwamba wengi wanaotafuta foku kubwa hawaihitaji. Wanahitaji sili mbili mpya, mafuta safi ya foku ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na mpira wa kuzuia vumbi ambao walikwisha kuutupa siku nyingi. Wengine hulaumu foku ilhali ugonjwa uko kwenye beringi za usukani, ambazo zimekufa na kuufanya mwelekeo utikisike. Foku mpya ikifungwa juu ya beringi mbovu ni sawa na kumvisha mgonjwa wa malaria koti jipya.

Sasa turudi kwa vile vipande vya bomba. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha mwaka 1678 kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia wa shule ya upili huikariri: springi hujibonyeza kwa kadiri ya nguvu inayowekewa. Ukiweka kipande cha bomba juu ya springi, unaibonyeza kidogo kabla ya safari, na pikipiki huinuka mbele. Ugumu wa springi haubadiliki hata chembe. Kilo kumi zilizokuwa zikiibonyeza kwa kiasi fulani zitaendelea kuibonyeza kwa kiasi kile kile. Fundi ameinua pikipiki akidhani ameipa nguvu.

Wako wengine ambao hukata springi. Hawa nao hushangaa kuona kwamba springi fupi imekuwa ngumu kuliko ndefu, wakadhani ni miujiza. Si miujiza. Springi yenye mizunguko 40 iliyo sawa ikikatwa mizunguko 10, ugumu wake huongezeka kwa theluthi moja, kwa sababu uzito ule ule sasa unagawanywa kwa mizunguko 30 tu. Hesabu hiyo humshinda nani katika Kidato cha Pili? Lakini springi iliyokatwa na kujazwa kipande cha chuma juu yake inaweza kufunga kabisa kabla ya foku kufika mwisho, na hapo kishindo chote huenda kwenye mikono ya mwendeshaji na kwenye vyuma.

Na mafuta je? Nimeona foku ikijazwa oili ya injini iliyokwisha kutumika, nyeusi kama lami, kwa imani kwamba oili nzito hubeba mzigo. Mafuta hayabebi mzigo. Mafuta mazito huchelewesha mwendo wa foku, kwenda na kurudi, basi. Katika barabara ya mawe madogo madogo, kama zile za kupanda Dundori, foku iliyojaa mafuta mazito haipati muda wa kurudi kabla ya jiwe la pili. Hubaki imeshuka, na pikipiki huwa kama haina foku. Mafuta yakizidi kipimo, nafasi ya hewa iliyo juu yake hupungua, shinikizo hupanda, na sili hupasuka hata kama ilikuwa mpya.

Jambo la mwisho la kiufundi, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi, ni urefu. Mstari unaopita katikati ya nguzo ya usukani, ukiuendeleza kwa mawazo hadi ardhini, huangukia mbele kidogo ya mahali ambapo tairi hugusa barabara. Tairi hufuata nyuma ya mstari huo, kama magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali yanavyofuata nyuma ya mhimili wake. Umbali huo mdogo ndio unaoifanya pikipiki inyooke yenyewe. Ukifunga foku ndefu, mbele huinuka, foku hulala zaidi, umbali ule huongezeka, na usukani huwa mzito na mvivu. Ukifunga foku fupi, mambo huwa kinyume: pikipiki hugeuka upesi kupita kiasi na hutikisika kwa kasi.

Linganisha hayo na jinsi tunavyopakia. Gunia la viazi hukaa nyuma. Mitungi ya maziwa hukaa nyuma. Abiria hukaa nyuma, na wa pili nyuma yake, na gurudumu la mbele tayari limekuwa jepesi kabla ya fundi kugusa chochote. Mwendeshaji anayepanda kutoka Njoro kuelekea Mau Narok na mzigo huo huhisi mbele kunaelea. Akidhani kwamba dawa ni foku ndefu, atakuwa amesukuma uzito nyuma zaidi. Siku ya mvua, tope likiwa kama sabuni, gurudumu la mbele halitakuwa na uzito wa kulifanya litii.

Mwaka jana, katika njia hiyo hiyo, wanafunzi wawili walianguka wakirudi nyumbani. Foku ilikuwa imerefushwa kwa kuchomelewa kipande, na ilikatika pembeni mwa weldi wakati wa kuvuka tuta. Mmoja alivunjika paja na akakosa muhula mzima. Mwendeshaji, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hata yeye alikuwa amepasuka taya, aliniambia alipokuwa kitandani kwamba hakuwahi kusikia kuwa moto wa weldi hudhoofisha chuma cha foku. Nilimwamini. Nani angalimwambia?

Kuna kinyume kimoja ambacho hunikera kila mwaka. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalirudi katika msururu wa dunia mwaka 2021, na makao yake yamekuwa Naivasha. Magari hukimbia katika vumbi la Soysambu na Elmenteita, kisha hurejea kambini, na wahandisi huyabadilisha shokamzoba wakiwa na vipimo vya milimita, huku wakiandika kila kitu. Vijana wetu husimama kandokando ya njia wakishangilia. Kesho yake kijana yule yule humpelekea fundi pikipiki yake, na hakuna kinachopimwa wala kuandikwa. Ardhi ni moja na vumbi ni moja. Tofauti ni daftari na rula.

Watakuwapo wasomaji watakaosema dawa ni polisi. Kweli sheria ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu, na lau tungeiheshimu hiyo pekee, foku nyingi zingepumua. Lakini tumeona msako unavyokwenda. Machi 2022, baada ya mwanamke mmoja kudhulumiwa barabarani jijini Nairobi na kundi la wanabodaboda, Serikali iliamuru msako wa nchi nzima. Pikipiki zikakamatwa kwa wingi, na baada ya siku chache msako ukasitishwa. Sisemi kwamba ghadhabu ile haikuwa na msingi, ilikuwa nao. Ninachosema ni kwamba askari wa barabarani anaweza kuona kofia ambayo haijavaliwa, lakini hawezi kuona springi iliyokatwa ndani ya bomba. Kitu hicho kinaonekana na mtu mmoja tu, yule aliyeifungua foku. Basi huyo ndiye wa kufundishwa, na ndiye wa kutufundisha.

Hapa nawageukia walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kazi za mikono, na wazazi wakachangishwa kujenga karakana. Nyingi ziliishia kuwa stoo za madawati yaliyovunjika. Sasa tumepewa nafasi nyingine. Mtaala wa umilisi umeleta katika sekondari ya juu masomo ya kiufundi ya vyuma, umeme na mitambo, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia mwaka 2026. Nasikia malalamiko kwamba hakuna vifaa. Ni kweli, na Serikali isiachwe ilale. Lakini kifaa cha somo la springi huegeshwa langoni petu kila siku.

Mfano wa somo ni huu. Mwombe mwanabodaboda anayewaleta watoto aingie uwanjani kwa nusu saa, na alipwe nusu saa hiyo, kwa maana muda wake ni unga wa watoto wake. Mwanafunzi afunge uzi kwenye bomba la kromu, juu kabisa ya mguu wa nje. Pikipiki ishikwe wima na kuinuliwa mbele hadi foku inyooke yote, uzi uteremshwe hadi ugusane na mpira wa vumbi. Kisha mwendeshaji akae polepole, ashuke, foku inyooshwe tena, na umbali ambao uzi umesukumwa upimwe kwa rula. Kanuni inayotumiwa sana na mafundi wa pikipiki ni kwamba foku ishuke kati ya robo na theluthi ya mwendo wake wote. Kama mwendo ni milimita 120, basi ishuke milimita 30 hadi 40. Ikishuka 60, springi imechoka au ni laini mno. Ikishuka 10, kuna mtu amejaza vipande vya bomba. Kisha apande abiria mmoja, halafu wawili, na darasa lichore mchoro wa vipimo. Wataona kwa macho yao kwamba mzigo wa nyuma huigusa foku ya mbele kidogo sana, na watauliza wenyewe: kwa nini basi watu hurefusha foku? Swali hilo likitoka kinywani mwa mwanafunzi, mwalimu amekwisha kushinda.

Fundi naye aalikwe, aletwe mbele ya darasa na kuitwa mwalimu. Afungue mguu mmoja wa foku, aonyeshe sili iliyokatwa na vumbi, azungushe bomba juu ya kioo. Aeleze kwa nini miguu miwili haipaswi kutoka kwenye pikipiki mbili tofauti, maana springi zisizolingana hulipinda gurudumu kila zinapobonyea. Naye akisikia Hooke kutoka kwa watoto, hatapungukiwa na kitu.

Lipo pia suala la cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huwatahini mafundi kwa madaraja matatu, hata wale waliojifunza kazi kibandani. Mafundi kadhaa niliowauliza walisema wanaujua mtihani huo ila hawana siku za kufunga kazi kwenda kuutafuta. Serikali ya kaunti, ambayo tangu Desemba 2021 ina jiji zima la kujivunia, ingeweza kuwasaidia watahini kufika Molo na Subukia katika miezi ya mvua, wakati kazi za barabarani hupungua. Na vyama vya akiba vya wanabodaboda, ambavyo tayari huweka madaftari ya mikopo, vingeongeza ukurasa mmoja kwa kila pikipiki: foku ilifunguliwa lini, na nani, kikawekwa nini ndani. Mwendeshaji anayenunua pikipiki kuukuu angalau angejua anachokikalia.

Likizo ya Aprili ndiyo wakati mzuri wa kuandaa somo hili, kwani masika huanza na barabara za juu huonyesha ubovu wa kila foku. Walimu wa fizikia na wa masomo ya kiufundi ambao tayari wamefanya jaribio kama hili, popote kati ya Naivasha na Mau Summit, wauandikie ukurasa huu na vipimo walivyopata: aina ya pikipiki, uzito wa mwendeshaji, na milimita ambazo uzi ulisogea bila abiria, kwa abiria mmoja, na kwa wawili.